Ruta ya safari isiyosafiri: miezi saba na GL-MT300N-V2 kwenye stoo ya uani

"Mama Neema, ukuta huu sikuujenga ili utobolewe."

Mzee mwenye nyumba aliniambia hivyo akiwa barazani kwake, kikombe cha chai ya rangi mkononi. Nilikuwa nimeshamwamkia, nimemuuliza hali ya mguu, nimeusifia mgomba wake, ndipo nikalitoa lililonipeleka: naomba tundu moja tu, unene wa kidole, nipitishe waya wa mtandao kutoka sebuleni hadi stoo ya uani. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zake zote, kisha akasema hayo. Nikasema sawa mzee, nikaaga. Mazungumzo hayo ya dakika kumi ndiyo yaliyonifikisha kwenye kikasha cha njano, hiyo ruta ya safari, ninachotaka kuwaeleza leo, maana nimekaa nacho miezi saba na kila mteja anayeingia stoo ananiuliza, "Mama, hicho kinachoning'inia dirishani ni nini?"

Niwape picha kwanza. Naishi Kihonda, Morogoro, nyumba ya kupanga. Nilikuwa katibu muhtasi miaka mingi. Nilipoacha ajira nikafungua kazi ya kuchapa, kutoa kopi na kubaindi kwenye stoo ya uani, yenye mlango unaotazama njia. Wateja wangu wakubwa ni wanafunzi wa vyuo, wa SUA na wa Mzumbe, na msimu wa tasnifu ukifika silali. Mle stoo mna kompyuta mbili za mezani, Dell OptiPlex 3020 za mtumba, moja yangu na moja ya Ashura, binti ninayefanya naye kazi. Mna printa, HP LaserJet P2055dn, nayo ya mtumba, mashine ya kizamani yenye roho ngumu, inayochapa pande zote mbili bila kulalamika. Na mna kile kisanduku cha kurekodi kamera mbili, ya geti na ya mlango wa stoo.

Vitu vinne, na hakuna hata kimoja chenye Wi-Fi. Vyote vina lile tundu la mraba la waya wa mtandao, basi. Na intaneti yenyewe ipo sebuleni: ruta ya laini ya Huawei, imekaa dirisha la mbele kwa sababu ndilo pekee linaloshika mnara vizuri. Nimejaribu kuihamishia stoo. Ilishika vistari viwili kwa shida, na sebuleni watoto wakaanza kunitazama kama nimeuza ng'ombe wa familia.

Kwa nini nihitaji intaneti stoo? Kwa sababu ya fulashi. Zamani mwanafunzi alikuja na fulashi, unaichomeka, folda zake zote zimegeuka njia za mkato, na baada ya nusu saa za kwako nazo zimegeuka. Mwezi mmoja nilimlipa fundi mara tatu kwa ugonjwa huohuo. Siku ya tatu nilichukua selotepu pana nikaziba matundu yote ya USB ya mbele ya kompyuta zote mbili, nikaandika kwa kalamu nene: FULASHI MARUFUKU, TUMA WHATSAPP. Uamuzi mzuri, ila sasa faili zinaingia kwenye simu yangu, na kompyuta haina mtandao wa kufungulia WhatsApp. Nikawa nakimbia kati ya sebule na uani kama mwali aliyeitwa na mashangazi wawili.

Kabla ya kikasha nilijaribu mambo matatu. Nilinunua waya wa mita 30 nikaupitisha dirisha la sebule, nikauzungusha chini ya paa la ukumbi hadi dirisha la stoo. Ulifanya kazi wiki tano, safi kabisa, na ningekuwa nao mpaka leo kama si panya. Waliutafuna sehemu mbili, mojawapo juu kabisa penye popo. Halafu nikanunua kidude cha USB cha Wi-Fi cha kuchomeka nyuma ya kompyuta. Kile kilifanya kazi kwenye kompyuta moja, kwa kasi ya konokono kwa sababu kompyuta iko chini ya meza ya chuma na kidude kimejificha nyuma yake, na kwa printa na kisanduku cha kamera hakina msaada wowote: huwezi kuchomeka kidude cha Wi-Fi kwenye printa ya kizamani ukategemea ikielewe. La tatu nalisema kwa aibu. Muuzaji mmoja wa hapa mjini aliniuzia "ripita", kidude cha kudaka Wi-Fi na kuirusha mbele, nyeupe ya kuchomeka ukutani, yenye tundu la waya chini yake, akaniapia kwa jina la mama yake kwamba tundu lile linatoa intaneti. Halikutoa. Shilingi 30,000 zimekaa kwenye droo, na mama yake namwombea afya.

Ndipo mwanafunzi mmoja wa kompyuta, niliyekuwa nambaindia ripoti yake, akaniambia: mama, unachotaka ni ruta ya safari. Nikacheka. Mimi safari yangu ni Msamvu na kurudi. Akaeleza kwamba ni ruta ndogo wanayobeba watu wa kulala hotelini. Inashika Wi-Fi ya hoteli hewani kama simu inavyoshika, kisha inaitoa kwenye waya na kwenye Wi-Fi yake yenyewe. Hotelini au stoo kwako, akasema, kwake ni mamoja.

Nilikwenda Dar kuifuata. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar na Morogoro mwaka 2024, kwenda Kariakoo na kurudi siku hiyohiyo si mateso tena. Mtaa wa Aggrey nilizunguka maduka sita. Manne hawakuijua, la tano walitaka kuniuzia kile kidude cheupe tena, nikawaangalia tu. Duka la sita kijana alipanda ngazi akashuka na kiboksi: GL.iNet GL-MT300N-V2, wenyewe wanaiita Mango. Tulianza 140,000 tukamalizia 110,000, na waya wa mtandao wa mita tatu juu yake. Swichi ya matundu matano, kile kisanduku cha kugawa waya mmoja wa mtandao kwa vifaa kadhaa, nilinunua duka la pembeni kwa 25,000.

Embe kweli, kwa rangi. Njano ya embe lililoiva, na ukubwa wake ni milimita 58 kwa 58, unene 25. Weka karibu na pakiti ya kiberiti uone, haipishani sana. Uzito wake gramu 39. Nilipokiweka kiganjani nilidhani ni boksi tupu. Nyuma kuna matundu mawili ya mraba, moja WAN, la kuingizia intaneti, na jingine LAN, la kuitoa kwa vifaa vyako, na tundu dogo la umeme, lile la chaja za simu za zamani. Ubavuni kuna USB moja, kitufe cha kurudisha upya, na kiswichi cha kusukuma ambacho mpaka leo sijakigusa. Nasikia unaweza kukipa kazi ya kuwasha VPN, ile njia ya faragha ya kupita mtandaoni. Taa ndogo tatu. Antena za nje hakina.

Kukiweka ni rahisi, lakini nilipoteza jioni nzima, na nataka nieleze kwa nini kwa sababu naamini nusu ya nchi hii itakwama palepale.

Unachomeka umeme, unachukua waya kutoka tundu la LAN hadi kwenye kompyuta. (Mimi nilianza na tundu la WAN, nikakaa dakika ishirini nikitazama skrini. Soma maandishi nyuma ya kikasha.) Unafungua brauza, unaandika 192.168.8.1, unakuta ukurasa wa kikasha, unachagua lugha, unaweka nywila yako mpya ya kuingilia. Wi-Fi yake yenyewe inakuja na nywila ya kiwandani, goodlife, ambayo dunia nzima inaijua, kwa hiyo badilisha hapohapo. Kisha unabonyeza sehemu ya Repeater, kinatafuta mitandao iliyo hewani, unachagua ya nyumbani, unaandika nywila, unasubiri. Kikaniambia kimeungana. Nikafungua tovuti. Hamna. Nikafungua nyingine. Hamna. Nikazima, nikawasha, nikafuta, nikaanza tena. Kimeungana, na hakuna kinachofunguka. Saa nne usiku nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nikiwaza namna ya kumwangalia usoni yule kijana wa Aggrey.

Kesho yake mwanafunzi wangu alipita kuchukua ripoti. Akauliza swali moja: mama, ruta ya sebuleni unaifungua kwa anwani gani? Nikamwambia, 192.168.8.1. Akauliza: na hii? Nikanyamaza.

Ruta nyingi za laini za Huawei zinatoka kiwandani na anwani hiyo, na ruta za GL.iNet zinatoka kiwandani na anwani hiyohiyo. Hakuna aliyekosea. Lakini mnakumbuka mwaka 2022 walipopita kubandika vibao vya anwani za makazi kabla ya sensa? Chukua nyumba mbili za mtaa mmoja uzipe namba moja, halafu umtume mtoto apeleke mzigo. Ndivyo kikasha changu kilivyokuwa: kikiambiwa peleka 192.168.8.1, kinajiona chenyewe, kinabaki hapohapo. Dawa yake ni mstari mmoja: kwenye ukurasa wake, More Settings, LAN IP, nikaandika 192.168.80.1, nikahifadhi. Baada ya kuwaka upya, WhatsApp ya kompyuta ikafunguka na meseji sitini na mbili zikamwagika. Kijana nilimchapia kurasa arobaini bure, na bado najiona nimemdhulumu.

Kwa hiyo kama nyumbani una ruta ya laini, angalia anwani yake kwanza, kabla hujafungua kiboksi.

Sasa mpangilio wangu ulivyo. Mango iko dirishani stoo, nimeifunga kwa mpira wa hela kwenye nondo, maana misumari nayo mzee hapendi. Waya wa mita tatu unashuka kutoka tundu la LAN hadi kwenye swichi chini ya meza. Kwenye swichi kuna kompyuta mbili, printa, kisanduku cha kamera, na waya wa Mango. Matundu matano, yote yamejaa. Kama una vitu viwili tu huhitaji swichi. Kuna mahali kwenye ukurasa pa kuligeuza tundu la WAN liwe LAN, ukapata mawili.

Huo waya wa mita tatu ndio uliomaliza kazi, na watu hawaufikirii. Kidude cha USB kinakaa pale kompyuta ilipo. Kikasha kinakaa pale Wi-Fi ilipo, na waya unafanya safari iliyobaki. Nilitembea na simu mle stoo nikitazama nguvu ya Wi-Fi: mezani vistari viwili, kwenye kona ya printa kimoja, dirishani vitatu, kwa sababu dirisha linatazamana na mlango wa jikoni na mawimbi yanapita humo badala ya kupambana na kuta mbili za tofali za saruji na friji. Nikakiweka dirishani. Hilo tu lilizidisha kasi karibu mara mbili kuliko nilipokiweka mezani.

Na kasi? Jioni, simu ikiwa sebuleni karibu na ruta, napata megabiti 14 hadi 18. Kompyuta yangu ya stoo, kupitia Mango, napata 12 hadi 16. Asubuhi na mapema ruta imewahi kunipa 31, stoo ikafika 26. Kwangu hiyo ni zaidi ya ninavyohitaji. Faili ya tasnifu yenye picha za shamba zima la mahindi inashuka kabla mwenyewe hajamaliza kuniambia anataka kopi ngapi.

Nilipunguziwa mzigo na jambo moja ambalo halikuwa kwenye kikaratasi cha maelezo. Kikasha hiki kina redio moja tu, ya 2.4 GHz, yale masafa ya zamani ya Wi-Fi. Redio hiyo ikiwa inasikiliza ruta ya sebuleni na papo hapo inahudumia simu zilizojiunga na Wi-Fi yake, inabidi igawe muda, inasema huku kisha inageuka huku, na kasi ya zile simu inashuka karibu nusu. Watu wengi wakisikia "ripita inakata kasi" ndicho wanachokisema, nao hawajakosea. Lakini vitu vyangu viko kwenye waya. Redio inafanya safari moja tu, ya kwenda sebuleni. Upande wa pili ni waya, na waya hauli hewa. Nilipoizima Wi-Fi yake kabisa, ibaki kusikiliza tu, ile hali ya kukatika-katika wateja watatu wakiwa wamejiunga nayo ikaisha. Wateja walinuna. Nikawaambia Wi-Fi ya bure iko mahakamani.

Nifike kwenye lile lililoniudhi, maana mpaka hapa naonekana nimelipwa.

Binti yangu alirudi likizo na laptop yake. Akakaa sebuleni, anapokea kazi za kuchapa, nami nikafurahi, nikamwambia akimaliza azitume kwenye printa ya stoo moja kwa moja. Printa haionekani. Akaitafuta kwa jina, akaitafuta kwa anwani. Haipo. Kumbe kompyuta za stoo zinaiona bila shida na zinachapa mchana kutwa.

Sababu ni hii. Mango ikiungana na Wi-Fi ya nyumbani kwa mtindo huo wa kawaida, haiwi waya mrefu. Inakuwa mpangaji, kama mimi: ina chumba chake ndani ya nyumba ya mtu, ina mlango wake na ufunguo wake. Walio ndani ya chumba wanatoka kwenda popote, sebuleni, dunia nzima. Aliye sebuleni anaona mlango mmoja umefungwa na hajui nyuma yake kuna printa. Kamera hazina tatizo hilo, kwa sababu kisanduku chenyewe ndicho kinachotoka kwenda kuripoti kwa seva yake huko nje, na simu yangu inaangalia huko. Nimekaa stendi ya Msamvu nikimtazama paka wa jirani akiruka geti. Ila printa haitoki kwenda popote. Inasubiri kufuatwa.

Kuna mtindo mwingine kwenye ukurasa, umeandikwa Extender, unaovunja ukuta wa chumba: vitu vyote vinapewa anwani na ruta ya sebuleni, vinakaa ukoo mmoja. Nikauchagua. Kweli printa ikaonekana. Lakini ukurasa wa Mango wenyewe ukapotea; ile 192.168.80.1 haikufunguka tena, kwa sababu sasa nacho kimepewa anwani nyingine na ruta kubwa, na inabidi uingie kwenye ruta kubwa uisake. Nilikuwa sijui hilo. Nikabonyeza kitufe cha kurudisha upya sekunde kumi, kila kitu kikafutika, nikaanza moja. Ashura siku hiyo alipika yeye.

Nilichofanya mwishowe ni kubaki na mtindo wa mpangaji na kutoboa mlango mdogo. Printa nikaipa anwani isiyobadilika, kikasha nacho nikakiwekea anwani isiyobadilika upande wa sebuleni, kisha kwenye sehemu ya Firewall, mlinzi wa mlango wa kikasha, nikaandika: anayebisha mlango namba 9100, mpeleke kwa printa. Hiyo ndiyo namba printa za mtandao zinayopokelea kazi. Kwenye laptop ya binti nikaongeza printa kwa anwani ya Mango, wala si ya printa. Ikachapa. Kwa mtu aliyefundishwa kazi na mashine ya taipu, niliona fahari, sifichi. Lakini ukweli ni kwamba mama mwenye duka hatakiwi kujua namba 9100. Kama una printa na unataka kila simu na laptop ya nyumbani iione bila kuhangaika, anza moja kwa moja na Extender, na uandike anwani mpya ya kikasha kwenye karatasi uibandike ukutani. Kwa selotepu, kama mwenye nyumba wako ni kama wangu.

Kuna zawadi moja ndani ya ule mtindo wa mpangaji. Bando likiisha, au mnara ukilala, stoo haifi. Kompyuta na printa ziko kwenye swichi moja, zinazungumza zenyewe kwa zenyewe; kazi iliyokwisha kushuka inachapwa kama kawaida. Jirani yangu mwenye steshenari anachapa kwa Wi-Fi kupitia ruta yake ya laini, na ruta ikizimwa naye anazima.

Umeme. Kikasha kinakula volti 5 tu, chaja ya simu inakitosha. Nilianza kwa ujanja, nikakichomeka kwenye USB ya nyuma ya kompyuta. Kompyuta ikizimwa jioni, nacho kinazimika, kamera zinapofuka usiku, saa ambazo ndizo nilizinunulia. Nikakipa chaja yake. Umeme ukikatika nakihamishia pawabenki, ingawa kusema kweli kompyuta za mezani zikiwa zimezima sijui kinamhudumia nani. Umeme ukirudi kinawaka haraka kuliko ruta ya sebuleni, kinaitafuta, hakiioni, kinaendelea kutafuta mpaka ikiwaka, kinaungana chenyewe. Katika miezi saba nimekizima na kukiwasha kwa mkono mara mbili, zote mbili baada ya kubadilisha nywila ya Wi-Fi ya nyumbani na kusahau kukiambia.

Tundu lake la umeme silipendi. Ni lile la zamani la pembe, waya wake unalegea, na kikasha chepesi namna ile kinavutwa na waya wake mwenyewe kama mbuzi anayevutwa na kamba. Ndiyo maana ya mpira wa hela. Pia ukurasa wake umejaa mambo ambayo sitayatumia maisha yangu: OpenVPN na WireGuard, ambazo ni aina za hizo VPN, na chini yake kuna OpenWrt yenyewe, programu inayoendesha kikasha, kwa wanaotaka kuchokonoa zaidi. Yule mwanafunzi alipouona alikaa kimya dakika nzima kama mtu aliye kanisani. Mimi nilitaka WhatsApp.

Na kuna mipaka ya kuzaliwa, si ubovu. Hakioni Wi-Fi ya 5 GHz, yale masafa mengine ya kasi zaidi, hata ukisogeza; kama ruta yako umeiweka itoe 5 GHz peke yake, kwa kikasha hiki nyumba yako haina mtandao. Matundu yake ya waya mwisho ni megabiti 100 kwa sekunde, na hewani kilichoandikwa kwenye boksi ni 300, namba ya kwenye boksi. Kwa ruta ya laini kama yangu hutaufikia ukuta huo. Mwenye faiba ya kasi kubwa nyumbani atajuta. Huyo aangalie ndugu zake wakubwa: GL-SFT1200, wanayoiita Opal, ina redio mbili, na matundu matatu yenye kasi ya gigabiti, maana yake hata swichi unaweza usinunue. GL-MT3000 ina Wi-Fi 6 na bei ya kukufanya ukae chini. Na kama una kitu kimoja tu cha waya, televisheni au kompyuta moja, TP-Link TL-WR802N inatosha. Ni ndogo hivyohivyo, tundu moja, na ina mtindo wake wa Client, wa kudaka Wi-Fi na kuitoa kwenye waya, uliotengenezwa kwa kazi hiyohiyo. Niliishika dukani. Niliiacha kwa ajili ya tundu la pili, ambalo mwishowe sikulitumia.

Mzee mwenye nyumba alikuja mwezi wa pili, akasimama nje ya dirisha, akakitazama kikasha, akautazama ukuta. "Hukutoboa." Sikutoboa, mzee. Akakigusa kwa fimbo, kikabembea. Akaondoka.

Mwezi uliopita nilikwenda Dodoma, mahafali ya mtoto wa dada yangu. Nikajiambia, hiki si ni cha safari? Nikakifungua dirishani nikakitia kwenye pochi. Gesti niliyofikia walikuwa na Wi-Fi ya kuruhusu kifaa kimoja kwa kila mgeni. Nikaunganisha kikasha, Wi-Fi yake nikaiwasha, na simu zetu nne zikaingia nyuma yake kama abiria wa daladala kwa nauli ya mmoja. Dada yangu alinipigia makofi. Nilikuwa bado nakunywa sifa hizo simu ilipolia.

"Shikamoo mama. Pole na safari. Mama, WhatsApp ya kompyuta inazunguka tu."

Marahaba, nikamwambia Ashura, kuchapa kunachapa?

"Kunachapa. Ila cha kuchapa kiko WhatsApp. Na hapa wako saba, mmoja anakusanya leo saa tisa."

Nikamwambia basi, kwa leo tu, watumie fulashi.

Kimya. Nikasikia kiti kikivutwa, na mtu akicheka nyuma.

"Mama. Uliziba."

Nikamwambia abandue selotepu ya kompyuta yake. Ya kwangu aiache.